Kurasa Nane za Mwisho

4 Machi

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi mzima, isipokuwa mgongo unaleta ubishi kwa sababu ya kile kiti cha chumba cha mtambo wa sinema, ambacho kimechoka kunizidi. Kijino hajambo. Jino la pili la mbele lilitoka Jumanne, akalifungia kwenye kiboksi cha kiberiti, na sasa jina lake limekuwa la uongo maana hana jino la kuonyesha. Mwezi huu mama yake anatimiza mwaka na miezi miwili tangu atutoke. Hatuongei sana habari hiyo. Asubuhi namsuka binti yangu mwenyewe, na akifika shule mwalimu wake anamfumua na kumsuka upya bila kusema kitu.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu nikigusa jambo zito unaanza "sikusikii, mtandao, mtandao", kwa hiyo naandika.

Dada, wameiharibu Ngazi ya Mvua. Sinema yake imeletwa kwenye ukumbi wetu wiki tatu zilizopita, na mwendesha mtambo ni mimi, kwa hiyo naiona mara tatu kwa siku nitake nisitake. Unanijua mimi ni mtu wa picha. Tangu utotoni wewe unasema sinema inaua kitabu, mimi nasema kitabu ni sinema iliyochelewa. Nilikuwa nimejiandaa kuipenda, na nikaipenda kweli, mpaka zikabaki dakika tisa. Mama anapanda ngazi ya mvua kwenda kulishona anga lililopasuka, sawa. Mvua inakatika na ngazi inayeyuka, sawa. Halafu basi. Mtoto anakikunja kitambaa cha kichwa cha mama yake, anarudi nyumbani, taa za ukumbi zinawaka. Ile mvua ya saba, anayorudi nayo mama, haipo. Mama hateremki. Pale anaposimama mlangoni amelowa chapachapa na neno lake la kwanza ni "Mmekula?", pale ambapo ndipo kitabu kizima, wamepatupa.

Nilimpeleka Kijino Jumamosi ya kwanza. Hakulia kwa sauti. Njiani akaniuliza kwa nini mama yule hakuteremka, nikamwambia hao ni watu wa sinema, hawajui kitu, kwenye kitabu cha kweli anateremka. Akaniambia niape. Nikaapa.

Jumamosi iliyofuata nilifanya jambo. Zilipobaki dakika tisa nikauzima mtambo, nikawasha taa, nikashuka mbele ya watoto wote na kuwasimulia mwisho wenyewe kwa mdomo. Walipiga makofi. Meneja wetu, tunayemwita Bwana Viatu kwa sababu unavisikia kabla hujamwona, hakupiga.

Nitumie kile kitabu chetu cha zamani.

Mdogo wako

—

29 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku hatujambo. Chumba cha kujalidi kimejaa mpaka mlangoni. Maktaba yetu imetuletea vitabu mia tatu vya watoto, migongo imekatika, kurasa zinaning'inia, kimoja kimetumika kuwekea sufuria. Vidole vyangu vina gundi hata nikisali. Baba Mdogo anakohoa tangu mwezi uliopita lakini anakula. Kila Jumapili nikienda kumfulia ananiuliza, "Ndugu yako hajambo?" na mimi namwambia hajambo, anakusalimu. Najua hukumsalimu.

Mpe Kijino pole ya jino. Mwambie shangazi yake naye alikaa na pengo mwaka mzima akapata mume hivyo hivyo baadaye.

Sinema nimeiona. Tulikwenda watu watatu kutoka kazini, na tangu siku ile hatupatani. Mkutubi, yule mama wa miwani ya kamba, alinuna tangu mwanzo kwa sababu farasi wa mawingu wana mbawa na kitabuni hawana. Mlinzi anasema hajawahi kusoma kitabu chenye farasi na hana haja, ila alilia, na anakana kwamba alilia. Mimi niliipenda. Mwisho wake niliupenda kuliko vyote. Ni mwisho wa heshima, hauwadanganyi watoto. Usiuzime tena mtambo, mdogo wangu. Utafukuzwa kazi kwa jambo la bure.

Kitabu sijui nilikiweka wapi. Nitakitafuta.

Dada yako

—

6 Aprili

Dada,

Tunashukuru kwa salamu. Kijino anasema hataki mume, anataka jino.

Nimeisoma barua yako mara nne. Wewe, ambaye uliwahi kutoka ukumbini kwangu katikati ya picha kwa sababu mchawi alikuwa na ndevu, leo umeona sinema ya kitabu na umeipenda? Na umependa mwisho wake, ambao si wa kitabu? Kuna kitu unanificha. Au umri.

Na wewe unayejua kila sindano yako iko droo gani, hujui kitabu kile kilipo?

Sikiliza yaliyonipata. Nimenunua kitabu kipya dukani, kile chenye picha ya sinema kwenye jalada. Nimeufungua mwisho, na mwisho ni wa sinema, neno kwa neno. Wamechakachua mpaka kitabu! Muuza duka ananiambia ndivyo kilivyokuwa siku zote. Nikamwambia mimi nilisomewa kitabu hiki kabla wewe hujazaliwa. Akaniuliza kama nimekisoma mwenyewe. Nikamwambia sikuhitaji, nakijua kwa moyo.

Bwana Viatu amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilete kitabu cha zamani chenye mwisho ule, au nikubali kwamba niliwadanganya watoto wa watu, na hapo atajua la kufanya. Lakini Bwana Viatu simwogopi. Namwogopa Kijino. Kila siku akitoka shule ananiuliza kama kitabu cha shangazi kimefika. Nimeapa mbele yake.

Habari za Baba Mdogo usiniletee. Pole kwa kikohozi chake, basi. Mtu aliyeniambia mama yuko safarini kutibiwa, akaniacha nikae kwenye kizingiti nikihesabu mvua huku mama yuko ardhini miezi mitatu, salamu zake sizipokei. Wote mle ndani walinidanganya. Macho yangu yalikuwa yamefungwa bandeji na wao wakaona ni nafasi nzuri. Wewe peke yako hukunidanganya. Ulikaa ukanisomea kitabu kila alasiri mpaka kikaisha. Kwa hiyo usianze leo.

Mdogo wako

—

2 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Baba Mdogo amelazwa tangu Alhamisi, mapafu, lakini madaktari hawana wasiwasi sana.

Kitabu kilionekana. Kilikuwa kimechoka, nikakifanyia kazi kidogo kabla ya kukituma, ndiyo maana nimepitiliza siku ulizopewa. Usikifungue kwa nguvu, gundi ya mgongo bado changa.

Mbusu Kijino.

Dada yako

—

20 Mei

Dada yangu, dada yangu,

Nianzie wapi? Sisi wazima, wazima kabisa. Mgongo umepona bila dawa.

Niliupeleka ushahidi mezani kwa Bwana Viatu na kuufungua taratibu kama ulivyosema. Alisoma kurasa nane za mwisho kidole kwa kidole. Akavua miwani, akasema kumbe. Akaniambia anakumbuka na yeye alisomewa zamani lakini ana hakika mama hakuteremka, labda kulikuwa na machapisho mawili. Nikamwambia labda. Sikutaka kumtia chumvi kwenye kidonda. Kazi yangu ipo, na Jumamosi naruhusiwa kuwasimulia watoto mwisho wa pili baada ya ule wa sinema. Wazazi wamegawanyika. Baba mmoja alinishukuru kwa kunishika mkono wote hadi kiwiko. Mama mmoja akaniambia nimewaharibia watoto huzuni nzuri. Huzuni nzuri! Watu wazima wana ladha za ajabu.

Lakini ya Bwana Viatu ni madogo. Nilimsomea Kijino kwa siku kumi na moja, na nilipofika "Mmekula?" sauti ilinikatika, akanisomea yeye. Tangu siku hiyo anahesabu mvua. Amechora mistari kwa penseli kwenye ukuta wa jikoni, karibu na swichi. Mvua ya kutazama dirishani haihesabiwi, lazima imlowanishe. Jana tumefika mstari wa nne. Amekitoa kile kitambaa cha kichwa cha mama yake sandukuni, anakiweka chini ya mto, anasema kitahitajika. Nilitaka kumkataza, halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyohesabu, na siku zile zilikuwa siku zangu nzuri. Nimemwacha. Amerudi kula vizuri. Anaimba.

Hayo yote ni wewe. Nilisema na ninarudia, wewe ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kunidanganya.

Mwambie mgonjwa wako apone. Siji kumwona.

Mdogo wako

—

25 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Baba Mdogo ametoka hospitali, yuko kwake, anapumua vizuri.

Tangu barua yako ifike nimekupigia simu mara tatu. Mara zote umepokea, na mara zote nimekuuliza kama mvua imenyesha huko. Umecheka, ukaniuliza nimekuwa mkulima lini. Mdomo umenishinda, ndiyo maana naandika. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi kwa sababu posta itachelewa.

Usimwache Kijino afike mstari wa saba.

Mama hateremki. Hateremki kwenye sinema, hateremki kwenye kitabu kipya, na hakuwahi kuteremka kwenye kitabu cha zamani. Wale watu hawakuharibu kitu. Muuza duka alikwambia kweli, na Bwana Viatu anakumbuka vizuri. Mwisho unaoujua wewe ni wangu mimi.

Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na miwili. Daktari alisema bandeji ikae miezi mitatu na usilie, machozi yatachimbua kidonda na utapoteza jicho. Wiki ya tano Mama akafariki kule hospitali. Baba Mdogo aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia, akasema wewe usiambiwe mpaka daktari aruhusu, na kwamba siku ikifika atakwambia yeye, mzigo ni wake. Mimi aliniomba kitu kimoja tu, nisikulize.

Alasiri ile ile ukaniambia, endelea pale tulipoishia. Zilikuwa zimebaki kurasa nane. Nilianza kusoma huku macho yangu yametangulia mistari miwili mbele, nikaona kinakokwenda. Nikainua kichwa. Umenielekea na kitambaa usoni, mdomo wazi, unasubiri. Basi mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Kila baada ya muda niligeuza ukurasa ili uisikie karatasi. Niliweka mvua saba kwa sababu tatu ni karibu mno. "Mmekula?" sikuisoma popote. Ni neno alilokuwa akiingia nalo Mama kila akitoka kazini, kabla hajavua hata viatu. Nilitaka kulisikia tena mara moja, nikamtilia kinywani mwanamke wa kitabuni.

Kwa hilo ningeweza kujisamehe, nilikuwa mtoto. La kizingitini siwezi. Bandeji ilipotolewa Baba Mdogo alikuwa bado anatafuta namna ya kukwambia, na wewe tayari unahesabu mvua na hakuna aliyejua unazihesabia nini, ila mimi. Siku ya mvua ya saba nilikuwa dirishani. Nilimwona akitoka nje kukwambia. Nilikusikia unampigia kelele kwamba ni mwongo, kitabu kimesema atarudi. Akageuka akanitazama pale dirishani. Alielewa papo hapo. Mimi nikashusha pazia.

Hakusema neno siku ile, na hajasema mpaka leo, miaka thelathini na moja. Ulipooa hukumwalika. Tulipomzika mkeo alisimama nje ya geti na mimi nilikuwa ndani nimekushika mkono. Kila uliposema mimi peke yangu sikukudanganya, nilisikia, na nilipokea. Ilikuwa tamu kupendwa hivyo, nami nilimwachia mzee wa watu alipe.

Halafu nikafanya tena, mtu mzima na akili zangu. Karatasi nilizitoa kwenye madaftari matupu ya enzi zile, nikazichovya kwenye maji ya chai zifanane rangi. Nilimdanganya mchapaji wa ghorofa ya chini kwamba ni ukarabati, akanichapia maneno yangu. Nikazikata zile za kweli, nikashona zangu kupitia matundu yale yale ya zamani. Nilipomaliza niliinua kitabu kwenye mwanga, na sikuona mahali pa kuungia, na nikajivunia kazi yangu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nilidhani namwokoa mtoto. Uliponiandikia habari za penseli na ukuta, nilikaa chini kwenye sakafu ya kazini mpaka mkutubi akaniletea maji.

Kurasa za kweli zimo humu ndani. Sikuweza kuzitupa.

Sikuombi kitu.

Dada yako

—

19 Juni

Dada,

Kijino hajambo. Mimi nipo.

Barua yako aliniletea dereva mwenyewe ukumbini, mchana, siku ambayo ukutani kulikuwa na mistari sita. Niliisoma chumba cha mtambo picha ikiwa inakwenda. Nilipomaliza zilikuwa zimebaki dakika tisa. Nikaziangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuziangalia bila kugombana nazo. Mtoto anakunja kitambaa, anarudi nyumbani. Ni mwisho mzuri, nalisema hilo kwa shingo upande.

Nikasikia mvua juu ya bati.

Nilimwachia Bwana Viatu funguo nikakimbia mpaka shuleni. Alikuwa getini, amekwisha kulowa, kitambaa cha mama yake mkononi kimekunjwa vizuri. Alikitoa nyumbani asubuhi bila mimi kujua. Dada, nilipomwona amesimama vile nilikuchukia. Nataka ulijue hilo.

Nilichutama nikamwambia pale pale. Nilimwambia mama haji, si leo wala mvua nyingine yoyote, na kwamba mimi ndiye niliyeapa, wala si kosa la mtu mwingine. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, halafu akalia, nami nikalia, na hakuna daktari wa kutukataza. Tulipofika nyumbani akaniuliza, kama yule mama wa kitabu hakuteremka, nani basi aliyesema "Mmekula?" Nikamwambia ni bibi yako. Akauliza kama alikuwa anasema kila siku. Nikasema kila siku, kabla hajavua viatu.

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii nilidhani ni sentensi ya kitabu. Sauti ya mama yangu nilikuwa nayo mdomoni, nawasimulia watoto wa watu Jumamosi, na sikujua ni yake. Sijui kama nikushukuru kwa kunitunzia au nikulaumu kwa kunificha. Sasa hivi nina hasira, na usiniulize zitaisha lini.

Bwana Viatu nimemwambia ukweli. Amenipokonya maonyesho ya Jumamosi mwezi mzima, na sikubisha.

Jumamosi hii tunasafiri, mimi na Kijino. Tutafikia kwa Baba Mdogo. Usije kutupokea stendi, na siku hiyo usije kwake. Nataka nimpigie magoti bila mtu kusimama dirishani.

Kitabu nakuja nacho. Nilikuwa nimesema zile kurasa zako tuzichome. Kijino amekataa. Anasema za kweli zirudi mahali pake, na za kwako zishonwe nyuma yake, baada ya neno la mwisho, na juu yake paandikwe kwamba hizi alizitunga shangazi alipokuwa mtoto na mama yake amekufa.

Mimi sijui kushona kitabu. Jumapili njoo na sindano yako.

Mdogo wako